Mauzo Yameshuka, Mchawi Nani?

Swali lenyewe huulizwa kwa upole, kama mtu anayeuliza saa. “Mauzo ya duka letu la mtandaoni yameshuka kwa asilimia 20 tangu wiki iliyopita. Wewe ndiye meneja wa bidhaa. Unaanzia wapi?” Kisha msaili ananyamaza na kusubiri. Aliyeketi mbele yake amejiandaa kwa swali hili majuma kadhaa, na haipiti nusu dakika anaanza kumimina: huenda mshindani ameshusha bei, huenda toleo jipya la programu lina hitilafu, huenda matangazo yalisimamishwa, huenda ni msimu tu. Kila alichotaja kinawezekana, na hapo ndipo anapoanza kuanguka. Orodha ya yanayowezekana haina mwisho, na mpaka sasa hajataja hata njia moja ya kuipunguza.

Vijiweni tabia hiyo ina jina lake. Timu ikifungwa mechi mbili mfululizo, kahawa haijapoa mchawi ameshapatikana: kipa, kocha, refa, au uongozi mzima. Kutafuta mchawi kunaridhisha kwa sababu kunafunga mjadala. Usaili wa mameneja wa bidhaa umetengeneza swali zima la kuwanasa watu wa namna hiyo, na anayelitazama kwa karibu ataona kwamba lina mlango mmoja ambao wasailiwa wengi huupita bila kuugonga. Mlango huo ni pale ambapo mauzo hayakushuka.

Kazi yenyewe ilizaliwa na bidhaa iliyokuwa ikisuasua. Mei 13, 1931, Neil McElroy, kijana wa miaka 26 katika kampuni ya Procter & Gamble mjini Cincinnati, aliwaandikia wakubwa wake waraka wa kurasa tatu. Alikuwa akishughulikia matangazo ya Camay, sabuni iliyoishi kivulini mwa Ivory, sabuni kongwe ya kampuni hiyo hiyo. Alipendekeza kila chapa iwe na mtu wake, kisha akaeleza kwa undani mtu huyo atafanya nini. Achunguze shehena zinazotoka, eneo kwa eneo. Panapouzika vizuri, ajue ni juhudi gani zilizozaa matunda ili zijaribiwe kwingine. Panapouzika kwa taabu, asome historia ya matangazo ya hapo, halafu afunge safari mwenyewe akazungumze na wenye maduka na wanunuzi mpaka aione kasoro kwa macho yake. Waraka unaohesabiwa kuwa cheti cha kuzaliwa cha umeneja wa bidhaa ulikuwa, kwa sehemu kubwa, maelekezo ya kuchunguza mauzo dhaifu, na ulianza kwa kulinganisha maeneo. McElroy baadaye aliiongoza kampuni hiyo, na mwaka 1957 akawa Waziri wa Ulinzi wa Marekani.

Kampuni za teknolojia za Marekani ziliirithi kazi hiyo na kuiundia mitihani yake. Facebook, ambayo sasa inaitwa Meta, iliugawa usaili wake wa mameneja wa bidhaa: kipindi kimoja cha kubuni bidhaa, na kingine cha takwimu na utekelezaji, ambamo swali la mauzo au matumizi yaliyoshuka ndilo mwenyeji. Mwaka 2013 vilitoka vitabu viwili vilivyosomwa sana na wanaojiandaa, Cracking the PM Interview cha Gayle Laakmann McDowell na Jackie Bavaro, na Decode and Conquer cha Lewis Lin. Tangu hapo swali limekuwa kama mtihani wa taifa: watu hukariri mitihani ya miaka iliyopita. Nalo limeshafika kwetu. Microsoft ilifungua kituo chake cha uhandisi Nairobi mwaka 2019, Google ikatangaza kituo chake cha kutengeneza bidhaa katika jiji hilo hilo mwaka 2022, na kampuni za simu na za malipo za kanda hii zina mameneja wa bidhaa wa kutosha.

Msailiwa mwenye subira huanza kwa swali linaloonekana la kitoto: mauzo yapi?

Si ubishi. Neno “mauzo” linaweza kumaanisha fedha iliyoingia, idadi ya oda, idadi ya wanunuzi, au faida baada ya kurudishwa kwa mizigo, na vyote hivyo havipandi na kushuka pamoja. Mfano ulio wazi kuliko yote umetoka Kenya. Machi 2020, korona ilipoanza kuingia, Safaricom iliondoa ada ya kutumiana fedha zisizozidi shilingi 1,000 kwenye M-Pesa, ili watu wapunguze kushika noti. Katika nusu mwaka iliyoishia Septemba 2020, mapato ya M-Pesa yalishuka kwa asilimia 14.5, hadi shilingi bilioni 35.89. Mtu akionyeshwa mstari huo peke yake kwenye usaili angeweza kutaja wachawi saba kabla ya kuvuta pumzi: uchumi umeanguka, watu wamepoteza kazi, mshindani amejitutumua. Lakini katika mwaka mzima wa fedha ulioishia Machi 2021, thamani ya fedha iliyopita kwenye mfumo huo iliongezeka kwa zaidi ya nusu na kufikia shilingi trilioni 22.04, huku mapato yakipungua kwa asilimia 2.1 tu, hadi bilioni 82.65, kwa kuwa ada zilirudishwa Januari 2021. Wateja hawakukimbia popote. Walikuwa wakitumia huduma kuliko wakati wowote, ila sehemu ya matumizi hayo hayakulipiwa. Maneno mawili, mapato na matumizi, yanaamua kama kilichopo ni msiba au mafanikio yaliyogharamiwa.

Baada ya jina la kipimo, kuna kipimo chenyewe. Daktari akiona joto la mgonjwa limefika kiwango kisichowezekana, humtazama mgonjwa, kisha huitikisa themometa. Mwishoni mwa Septemba 2020, takwimu za maambukizi ya korona nchini Uingereza zilionekana kuwa na nafuu kuliko hali ilivyokuwa. Ikabainika kwamba visa 15,841 vya kati ya Septemba 25 na Oktoba 2 havikuingia kwenye hesabu kwa wakati, kwa sababu majedwali ya Excel yalihifadhiwa katika muundo wa zamani usiobeba zaidi ya safu 65,536. Safu zilizozidi zilianguka kimyakimya, bila kengele. Kama ofisi ya afya ya taifa iliyo vitani na janga inaweza kuangukia hapo, duka la mtandaoni lenye wahandisi watano lina kila sababu ya kuuliza kwanza kama oda zimepungua kweli au ni kirekodi chake kilichoacha kuzihesabu. Njia ya kuhakiki ni nyepesi: linganisha dashibodi na taarifa ya benki au ya kampuni ya malipo. Fedha ikiwa imeingia kama kawaida, kikao cha dharura kinaweza kuahirishwa.

Kalenda nayo hudanganya, na hudanganya zaidi katika miji yetu kuliko katika mifano ya vitabu vya California. Vitabu vile humkumbusha msailiwa Krismasi na wiki ya mapunguzo ya Novemba. Mfanyabiashara wa nguo wa Mombasa au Kariakoo ana kalenda mbili mkononi. Mwaka wa Kiislamu hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa kawaida, na Idi hutembea nao. Mwaka 2024, Idi el Fitri iliangukia Aprili 10; mwaka 2025 ikawa mwishoni mwa Machi. Atakayelinganisha Aprili 2025 na Aprili 2024 kwa muuza kanzu na mabaibui ataona anguko la kutisha, kumbe siku kumi za pilikapilika zimehamia mwezi wa nyuma. Na Januari, ambayo Wakenya wameibatiza jina la njaa, ina ada za shule zinazokula mshahara kabla haujafika dukani. Msailiwa anayekumbuka hayo anaonyesha kwamba anaufahamu mji ambao bidhaa itauzwa, sifa ambayo hakuna kitabu cha maandalizi kitakachomkopesha.

Tuseme sasa anguko ni la kweli. Kinachofuata ni umbo lake. Mstari uliokatika kama ukuta saa nane mchana Jumanne una historia tofauti na ule ulioteremka polepole kwa miezi mitatu. Ukuta huelekeza kwenye kitu chenye saa yake: toleo jipya lililotoka, njia ya malipo iliyogoma, sheria iliyoanza kutumika, tangazo lililozimwa. Mteremko huelekeza kwenye mazoea, washindani na ubora unaooza. Kuna wasaili ambao huficha makusudi jambo hili, wakisubiri kuona nani ataomba kuuona mchoro.

Halafu panakuja pale penye uzito wote, ambapo msailiwa hukata mauzo vipande: nchi, simu ya Android na iPhone, wateja wapya na wa zamani, aina ya bidhaa, njia ya malipo. Wengi wamefundishwa kukata hivyo, na hufanya kwa ufundi mkubwa. Tatizo ni kwamba hukata wakitafuta kipande kilichooza, wakakikuta, wakaishia hapo. Charles Kepner na Benjamin Tregoe, watafiti wawili wa Marekani walioandika The Rational Manager mwaka 1965, walipendekeza safu mbili badala ya moja: tatizo liko wapi, na lingeweza kuwepo wapi lakini halipo. Safu ya pili ndiyo inayofanya kazi ngumu. London mwaka 1854, daktari John Snow alipokuwa akishuku kwamba kipindupindu cha mtaa wa Broad Street kinatoka kwenye pampu ya maji, alivutiwa pia na watu ambao hawakuugua. Wafanyakazi zaidi ya 70 wa kiwanda cha bia kilichokuwa jirani kabisa na pampu hiyo waliponea. Kiwanda kilikuwa na kisima chake, na watu hao walipewa bia ya kunywa. Pampu ya mtaani hawakuihitaji. Hoja ya hewa chafu, iliyokuwa ikiaminiwa na wengi, haikuweza kueleza kwa nini hewa iwabague wapika bia.

Netflix ilitoa mfano wa somo hili Aprili 19, 2022. Siku hiyo ilitangaza kwamba katika miezi mitatu ya kwanza ya mwaka ilikuwa imepoteza wateja 200,000, mara ya kwanza kupungua kwa zaidi ya miaka kumi. Kesho yake hisa zake zilianguka kwa takriban asilimia 35. Mchawi alikuwa tayari mlangoni: kampuni ilikuwa imesitisha huduma Urusi baada ya uvamizi wa Ukraine, na wateja 700,000 walikuwa wameondoka kwa mpigo. Hesabu inakubali vizuri mno. Toa Urusi, na badala ya kupoteza 200,000 kampuni ingekuwa imeongeza 500,000. Msailiwa mwenye haraka angefunga daftari.

Lakini safu ya pili inakataa. Vita vya Ukraine havielezi kwa nini Marekani na Kanada, mbali kabisa na Urusi, zilipungukiwa na wateja zaidi ya 600,000 baada ya bei kupandishwa. Havielezi kupungua kwa Amerika ya Kusini. Na havielezi kwa nini Asia na Pasifiki ziliongezeka kwa zaidi ya milioni moja katika miezi ile ile. Zaidi ya hapo, kampuni ilikuwa imetabiri kuongeza wateja milioni 2.5, hivyo hata ile 500,000 ya bila Urusi ilikuwa pengo la milioni mbili. Sababu moja ilikuwa ya kweli na bado haikutosha, na huo ndio mtego mgumu kuliko uongo mtupu. Netflix yenyewe, katika barua yake kwa wenye hisa, ilitaja jambo ambalo halikuwa na tarehe wala kishindo: pamoja na kaya milioni 222 zilizokuwa zikilipa, zaidi ya kaya milioni 100 nyingine zilikuwa zikitazama kwa nywila za kuazima. Katika masoko yaliyokomaa, wengi wa watu ambao wangeweza kuwa wateja wapya walikuwa tayari ndani, bila kulipa.

Makosa ya nyumbani, yaani ya kampuni yenyewe, huwa rahisi zaidi kuonekana, lakini si rahisi kukubalika. Januari 2009, PepsiCo ilibadilisha boksi la juisi ya Tropicana huko Marekani. Chungwa lililochomekwa mrija, alama iliyozoeleka na wanunuzi, liliondolewa, ikawekwa picha ya glasi ya juisi. Kufikia Februari 22 mauzo yalikuwa yameshuka kwa takriban asilimia 20, na kampuni ikatangaza kulirudisha boksi la zamani. Mwaka ule ulikuwa wa mdororo mkubwa wa uchumi, na kisingizio kilikuwepo bure: watu wamebana matumizi. Ila juisi za washindani, Minute Maid miongoni mwao, zilikuwa zikipanda katika majuma yale yale. Kiu ilikuwepo na fedha ilikuwepo. Kilichokosekana ni jicho la mnunuzi kulitambua boksi lake rafuni.

Marks & Spencer ya Uingereza ilipitia cha kwake Februari 2014, ilipohamisha duka lake la mtandaoni kutoka kwenye mfumo wa Amazon kwenda kwenye mfumo wake mpya uliogharimu pauni milioni 150. Wateja waliokuwa na akaunti walitakiwa kujisajili upya. Katika wiki 13 zilizoishia Juni 28, mauzo ya mtandaoni yalipungua kwa asilimia 8.1. Anayekata vipande hapa angeomba kuona wateja wa zamani na wapya kando kando: kama wa zamani ndio waliopungua sana, mlango wa kujisajili umejieleza wenyewe. Kama wote wamepungua sawa, tatizo lipo ndani zaidi, kwenye utafutaji wa bidhaa au mpangilio wa kurasa.

J. C. Penney ni kisa cha huzuni zaidi. Februari 2012, mkurugenzi mkuu Ron Johnson, aliyetoka Apple na sifa za kuyajenga maduka yake, aliondoa kuponi na mapunguzo ya kila wiki, akaweka bei ya chini ya kila siku. Kwa kalamu na karatasi mteja alikuwa akipata nafuu. Katika mwaka huo wa fedha mauzo yalianguka kutoka takriban dola bilioni 17.3 hadi bilioni 13, robo nzima. Kwa muda kampuni iliamini kwamba wateja hawajaelewa, na kwamba matangazo yakieleza vizuri zaidi mambo yatakaa sawa. Walikuwa wameelewa. Walichopoteza ni raha ya kuwinda punguzo, ile hisia ambayo kila mama aliyewahi kubishana bei ya kitenge mpaka muuzaji akasalimu amri anaifahamu bila kufundishwa. Johnson aliondolewa Aprili 2013.

Kuna aina ya anguko isiyo na mkosaji kabisa, na wasaili wajanja huipenda. Chukua duka la kubuni. Wiki ya kwanza lina wageni 1,000 wanaoingia kupitia programu yake ya simu, na 100 wananunua. Wengine 1,000 wanatoka kwenye matangazo, na 20 wananunua. Jumla ni wanunuzi 120 kati ya 2,000, yaani asilimia 6. Wiki ya pili matangazo yameongezwa: wa programu ni 1,000 tena, wananunua 110, wa matangazo sasa ni 4,000, wananunua 88. Kiwango cha kununua kimepanda kwa makundi yote mawili, lakini kwa jumla kimeanguka kutoka asilimia 6 hadi chini ya 4. Hakuna kilichoharibika. Mchanganyiko wa wageni ndio uliobadilika, na meneja atakayekimbilia kurekebisha ukurasa wa malipo atakuwa akitibu mguu usiouma.

Sababu za nje ndizo zinazotenganisha waliosoma vitabu na wanaoishi hapa. Julai 15, 2021, Tanzania ilianza kutoza tozo kwenye miamala ya simu ya kutuma na kutoa fedha, iliyofika hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja. Malalamiko yalienea, watu wakarudi kwenye fedha taslimu, na mapema Septemba serikali ikaipunguza kwa asilimia 30. Mwaka 2022 kiwango cha juu kilishushwa hadi 4,000. Meneja wa bidhaa aliyekuwa zamu wiki ile ya Julai hakuhitaji kuwinda hitilafu kwenye programu yake, lakini alihitaji uthibitisho, na uthibitisho ulikuwa kwenye kipande kisichoguswa. Tozo ilikuwa juu ya kutuma na kutoa. Kama ununuzi wa vocha kwenye mfumo huo huo uliendelea kama kawaida, mfumo ni mzima na kinachouma ni bei. Kama nazo vocha zilianguka, basi kuna la ziada.

Uganda inaongeza kichekesho cha kitaalamu. Julai 1, 2018, ilianza kudai shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Waganda wengi walijibu kwa kusakinisha VPN, programu zinazouficha mtandao wa mtumiaji na kumwonyesha kana kwamba yuko nchi nyingine. Anayekata takwimu kwa nchi angeona Uganda ikipungua na labda Uholanzi au Marekani ikichangamka bila sababu. Sehemu ya watu waliohesabiwa kuwa wamepotea walikuwa wamekaa pale pale Kampala, kwenye kiti kile kile. Kodi hiyo ilifutwa Julai 2021, nafasi yake ikachukuliwa na asilimia 12 kwenye bando la data.

Na Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ikawa ya kusuasua Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda kwa pamoja. Hapo ramani yenyewe inasema: hakuna toleo la programu linalovuka mipaka ya nchi nne kwa saa moja na kuziacha za mbali salama.

Swali lina maadui wake, na wana hoja. Mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyekuwa akisimamia rasilimali watu Google, aliliambia gazeti la New York Times kwamba mafumbo waliyokuwa wakiwauliza wasailiwa yalikuwa kupoteza muda, hayakutabiri lolote kuhusu kazi. Swali la mauzo si fumbo la namna ile, lakini lina ugonjwa unaofanana: limekaririwa. Mtu anaweza kupita kwenye hatua zote kwa mpangilio wa kupendeza, kipimo, kalenda, vipande, ndani, nje, asiwe amefikiri hata mara moja. Utetezi wake upo kwenye utafiti wa ajira. Frank Schmidt na John Hunter, mwaka 1998, walikadiria uhusiano wa usaili wenye utaratibu na utendaji kazini kuwa 0.51; Paul Sackett na wenzake walipopiga hesabu upya mwaka 2022 waliushusha hadi 0.42, lakini usaili huo ukabaki kileleni mwa njia walizozipima. Swali linaloulizwa kwa wote kwa namna moja, na kusahihishwa kwa vigezo vilivyoandikwa, lina thamani. Kinacholiharibu ni msaili mwenye jibu moja mfukoni, anayempa alama msailiwa kwa kulibahatisha. Hiyo ni ramli, tena ya kulipwa mshahara.

Mbinu ya kuuliza “kwa nini” mara tano, iliyotoka Toyota na kuelezwa na Taiichi Ohno, nayo hutumiwa vibaya humo. Kwenye mashine iliyosimama kwa sababu fyuzi imeungua, mnyororo mmoja wa sababu hutosha. Mauzo huwa na minyororo mitatu iliyosokotana, na anayeufuata mmoja mpaka mwisho hufika mahali pa kweli ambapo si mahali pote.

Wasaili wazuri, basi, husikiliza mambo mawili. La kwanza ni kama msailiwa anataja ushahidi utakaomfanya aache dhana yake. “Nadhani ni malipo, nikikuta wanaolipa kwa kadi wamepungua sawa na wanaolipa kwa simu, nitaiacha dhana hiyo.” Sentensi kama hiyo inazidi orodha ya sababu ishirini. La pili ni kama anakumbuka kwamba duka linavuja damu wakati yeye anachora safu. Toleo jipya likishukiwa, rudisha la zamani kwanza, kisha endelea kuchunguza. Mauzo yakirudi, umepata na ushahidi humo humo. Kitu ambacho usaili hauwezi kukipima kabisa ni kile alichokiandika McElroy kuhusu kwenda mwenyewe kuonana na wenye maduka. Chumbani hakuna duka. Baadhi ya wasailiwa husema wangewapigia simu wateja kumi walioacha kununua, na msaili, asiye na data ya simu hizo, hujikuta hana la kujibu.

Netflix ilikwenda kujaribu dhana yake. Tangu Machi 2022 ilikuwa tayari ikijaribu Chile, Costa Rica na Peru kuwatoza wanaotumia akaunti moja kwa kaya tofauti, nchi tatu za kulinganishwa na jirani zao. Mwaka 2023 utaratibu ulipanuliwa, Marekani ikafikiwa Mei, na katika robo ya pili ya mwaka huo waliongezeka wateja wapatao milioni 5.9. Dhana ilionekana kushinda. Ila Novemba 2022, katikati ya hayo, kampuni ilikuwa imeanzisha pia kifurushi cha bei nafuu chenye matangazo, hivyo aliyefungiwa akaunti ya kuazima alikuta mlango wa bei nafuu uko wazi. Dawa mbili zilimezwa pamoja. Msaili anayependa kumsumbua msailiwa mzuri kuliko wote anaweza kumpa takwimu hizo, akamwuliza ni wateja wangapi kati ya milioni 5.9 waliletwa na kufuli, na wangapi waliletwa na bei.